Hayupo Pichani: Miaka Ishirini na Tisa ya Mzee Kipriani Hatungimana

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu wa 1999, Mzee Kipriani Hatungimana, mwakilishi wa gazeti letu la Tarumbeta katika wilaya za Kasulu na Kibondo, atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi. Siku hiyo atakabidhi kamera, ufunguo wa ofisi, na ile pampu ya baiskeli ambayo ofisi inasema ni mali ya ofisi na yeye anasema ni mali yake. Suala la pampu bado linajadiliwa. Mengine yote yamekubaliwa.

Mzee Kipriani alizaliwa Heru Juu, katika ukoo uliojua maharage kuliko magazeti. Alipomaliza darasa la nane alifundisha chekechea ya kanisani, akaacha kwa sababu, kwa maneno yake, watoto walikuwa wakimuuliza maswali ambayo watu wazima walishakubaliana wasiulizane. Mwaka 1970 Tarumbeta lilimwajiri kuliuza sokoni Kasulu. Kwa kuwa wanunuzi wengi hawakujua kusoma, alianza kuwasomea kwa sauti. Watu wakalipenda sana gazeti, wakaacha kulinunua. Makao makuu Kigoma yakapiga hesabu, yakaona ni nafuu mtu huyu aliandike kuliko aliuze.

Tangu hapo ameandika kila kitu: bei ya mihogo, mashindano ya kwaya, chui wa Kibondo aliyegeuka kuwa mbwa wa padri. Lakini kazi iliyomlisha, na iliyotulisha sote tuliomo katika nyumba hii, ilikuwa habari za siasa. Na hapa lazima tueleze kidogo jinsi zilivyokuwa zikipatikana, ili vijana watakaorithi dawati lake wasije wakadhani zilikuwa zikiota zenyewe kama uyoga.

Ofisi ya Kasulu haikuwa na gari. Ilikuwa na baiskeli moja na milima mingi. Chama kilikuwa na Landrova. Chama gani, hatutaji. Siku hizi viko vingi, vyote vinalisoma gazeti hili, na vyote huleta matangazo. Mwandishi aliyepelekwa mkutanoni kwa gari la chama, akala pilau ya chama, akarudishwa kabla ya mvua na dereva wa chama, si rahisi aamke asubuhi aandike kwamba hotuba ilikuwa ndefu kuliko maana yake. Habari ilifuata gari. Mahali ambapo gari halikufika hapakuwa na habari, hata kama palikuwa na watu elfu.

Juu ya hilo, chumba chetu cha habari kilikuwa na kanuni ambayo haikubandikwa ukutani na kila mtu aliijua: mwenye cheo ana jina, asiye na cheo ni "baadhi ya wananchi". Katibu wa chama akipanda mche mmoja, alitajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Wananchi wakipanda msitu, walikuwa baadhi ya wananchi wakimuunga mkono. Hata pale mkubwa alipokosekana katika picha, jina lake halikukosekana. Tulikuwa na maneno yetu ya mabano: "Baadhi ya wananchi wakimsikiliza Katibu (hayupo pichani)." Mtu alikuwa hayupo na bado ndiye pekee mwenye jina.

Mzee Kipriani aliiheshimu kanuni hiyo kwa uaminifu ambao ungeweza kumfanya mtu ajiulize kama alikuwa akiiheshimu kweli. Kuna mwaka mkutano wa Kibondo ulivunjwa na mvua kabla mgeni rasmi hajasema hata "ndugu wananchi". Makao makuu yalikuwa yameshaacha nafasi ukurasa wa kwanza. Akatuma habari yenye kichwa "Kibondo Yafurika". Ndani aliandika kwamba uwanja ulijaa hadi magotini. Hakuna aliyemdai sahihisho, maana hakuna neno lililokuwa la uongo.

Sasa tuje kwenye maji ya Nyakitonto, kwa sababu kumuaga Mzee Kipriani bila kuyataja itakuwa kama kumuaga mpishi bila kutaja chumvi.

Mwaka 1997, baada ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kujaa, shirika moja la wahisani lenye ofisi Kibondo lilitangaza kuwa litatoa mabomba ya maji kwa vijiji vilivyoanza kujitegemea. Nyakitonto walikuwa wameshaanza. Mwanamke mmoja, Dorcas Ndayikeza, mkulima asiye na cheo hata cha kanisani, alikuwa amewakusanya wenzake tangu kiangazi, wake kwa waume, wakachimba mtaro kutoka chemchemi ya mlimani hadi njia panda ambapo wanawake wa vitongoji vitatu hukutana wakiwa na ndoo vichwani. Walichimba kwa zamu. Asiye na jembe alileta ugali.

Tarumbeta liliandika habari hiyo mara tatu. Mara ya kwanza: "Katibu Niyitegeka aanzisha mradi wa maji." Mara ya pili: "Katibu Niyitegeka aongoza uchimbaji." Mara ya tatu aliweka jiwe la msingi, ingawa mtaro hauna msingi. Katibu mwenyewe, Bwana Sylvesta Niyitegeka, mzaliwa wa Heru Juu kama Mzee Kipriani, alikuwa mtu mcheshi na mkarimu, tena na Landrova nzuri. Alikuwa pia na nyumba ya wageni aliyokuwa akiijenga kando ya barabara kuu, mbali na njia panda, na nyumba ya wageni bila maji ni nyumba tu. Shirika lilisema mabomba yangekabidhiwa kwa kiongozi wa mradi, naye ndiye angeonyesha bomba kuu lifikie wapi. Na kiongozi wa mradi shirika lilimjua vizuri. Lilikuwa limemsoma gazetini.

Ndipo Dorcas alipotembea hadi Kasulu na kuingia ofisini kwetu akiwa na toleo lenye ile habari ya pili mkononi. Tuliokuwepo tunakumbuka mazungumzo hayo kwa sababu wote tuliacha kazi tukajifanya tunatafuta kalamu.

"Kaka Kipriani, hili jembe la Katibu umelitoa wapi? Sisi tunachimba tangu kiangazi, hatujaliona."

Mzee Kipriani akamjibu kwa upole kwamba jembe lipo pichani, kila mtu analiona.

"Lipo, ndiyo. Ni langu. Aliliazima ulipofungua kamera, akalirudisha ulipoifunga."

Mzee Kipriani akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akamweleza kanuni ya nyumba: jina huenda kwa mwenye cheo.

"Basi nitafute cheo."

"Cheo hakitafutwi, dada. Mtu hupewa."

"Na nani?"

"Na wenye vyeo."

Dorcas akacheka hadi mlinzi akachungulia. Kisha akasema, bila kucheka: "Mimi jina silihitaji, kaka. Nina jina toka ubatizo. Ninachotaka ni maji pale njia panda. Lakini naona siku hizi maji yanafuata jina."

Alipoondoka, Mzee Kipriani alikaa na ile miwani mkononi. Akasema chai ya siku hiyo haina sukari, na ilikuwa nayo.

Wiki iliyofuata Katibu aliitisha mkutano Nyakitonto. Mzee Kipriani hakupanda Landrova. Alikwenda kwa baiskeli, akisema daktari amemshauri mazoezi. Tulipomuuliza daktari gani, alisema wa zamani.

Katibu alikuwa katikati ya hotuba Dorcas alipotokea nyuma ya umati, anatoka mtaroni, matope hadi kwenye kanga, jembe begani. Hapo umati wote ukageuka. Wageni wa hafla hii ya kumuaga wasiotoka huku kwetu Buha pengine hawajui: Muha akimwona mtu anayemheshimu, hamsalimii mara moja akaishia hapo. Huinama kidogo, hupiga viganja taratibu, pa, pa, pa, akisema "mwakeye", akiuliza waliolala wameamkaje, watoto, mihogo, mbuzi, na yule aliyekuwa anaumwa mgongo. Anayesalimiwa naye hupiga viganja akijibu. Watu zaidi ya mia walimsalimia Dorcas kwa namna hiyo, naye hakumruka hata mmoja. Katibu alingoja na ukurasa wake wa nne mkononi. Mzee Kipriani alisimama pembeni, akapiga picha.

Filamu ilisafiri Kigoma kwa basi, imeviringishwa katika karatasi ya maelezo. Mzee Kipriani alikuwa ameandika: "Wananchi wa Nyakitonto wakimsalimia Dorcas Ndayikeza."

Mhariri wetu, Bwana Abbasi Saady, ni mtu wa Tanga, na tunamheshimu sana, hasa leo akiwa ameketi meza ya mbele. Aliona watu wanapiga makofi. Kwao Tanga makofi ni shangwe. Dorcas hana cheo. Mkutano ulikuwa wa Katibu. Akafanya kazi yake kama siku zote, na Jumamosi gazeti likatoka: "Baadhi ya wananchi wa Nyakitonto wakimshangilia Katibu Sylvesta Niyitegeka (hayupo pichani)." Kuhusu mwanamke mwenye jembe aliyekuwa katikati kabisa ya picha, Bwana Abbasi alituambia baadaye kwamba alidhani ni mpita njia aliyekatiza mbele ya kamera.

Katibu, aliyelelewa kwa makofi hayo tangu mgongoni mwa mama yake, hakusahihisha. Alinunua nakala nyingi, akaipeleka moja Kibondo kwa wahisani, iwe ushahidi kwamba wananchi na yeye ni kitu kimoja.

Pale shirikani alifanya kazi Claudine, binti wa Kibondo ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kazi yake ilikuwa kuwasomea wageni magazeti ya Kiswahili. Akaitazama picha kwa muda, kisha akaanza kucheka taratibu, kicheko kile cha mtu anayejaribu kuwa na adabu.

"Bwana Katibu, nyumbani kwetu tunaongea Kirundi. Makofi haya nayajua. Hawa hawashangilii, wanasalimia. Na anayesalimiwa ni huyu mama mwenye matope. Tena gazeti lenyewe limekiri: Katibu hayupo."

Katibu akasema Kirundi ni Kirundi na Kiha ni Kiha, binti asichanganye mambo. Hapo wakubwa wa shirika wakaona mabomba yasubiri kwanza, na pande zote ziitwe.

Hivyo ndivyo Mzee Kipriani alivyojikuta Kibondo, katika chumba chenye viti vya plastiki, kulia kwake Mhariri wake aliyesafirishwa kutoka Kigoma, Katibu mbele yake, na gazeti mezani. Swali lilikuwa moja: makofi haya ni ya shangwe au ya salamu?

Leo swali hilo linachekesha. Siku ile halikuchekesha. Akisema ni salamu, amesema mbele ya watu wa nje kwamba Mhariri wake amekosea na Tarumbeta limedanganya, miaka miwili kabla ya kiinua mgongo. Wapo waliofukuzwa katika nyumba hii kwa dogo kuliko hilo. Akisema ni shangwe, bomba linakwenda nyumba ya wageni, na Nyakitonto wanabaki na mtaro mrefu wa kukusanyia majani makavu. Bwana Abbasi alikuwa akimtazama. Katibu alikuwa akimtazama kwa tabasamu la jirani.

Mzee Kipriani alikohoa. Akasema: "Kabla sijajibu, Mama Dorcas yuko nje kwenye benchi. Si vizuri mtu mzima akae nje sisi tuko ndani."

Dorcas akaingia. Alipomwona Katibu hakununa wala hakugeuza uso. Alikuwa amelelewa vizuri, na huenda alikuwa amelelewa vizuri kidogo kuliko ilivyohitajika siku hiyo. Akainama, akapiga viganja, pa, pa, pa. "Mwakeye." Akamuuliza mama yake mzazi huko Heru Juu ameamkaje. Akauliza lile goti lake. Akauliza ng'ombe mwekundu kama amezaa.

Mikono ya Katibu ilijibu kabla Katibu mwenyewe hajashauriwa. Aliinuka kitini, akainama, akapiga viganja, pa, pa, pa, akajibu kuhusu mama, kuhusu goti, na ng'ombe, ndiyo, amezaa dume. Claudine naye, ambaye hakuulizwa, alikuwa akipiga. Hata dereva mlangoni.

Mzee Kipriani akamgeukia Bwana Abbasi kwa heshima zote. "Bwana Mhariri, tafadhali andika: Katibu Niyitegeka amshangilia mwananchi."

Wa kwanza kucheka alikuwa Katibu, na tunamwandikia hilo kwa heshima. Alikaa chini akitazama viganja vyake kama watoto waliomtia aibu ugenini. Bwana Abbasi alichukua muda zaidi. "Mzee Kipriani," alisema, "mimi niko Kigoma mwaka wa tisa huu. Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza, Bwana Mhariri. Nasi tulidhani unajua, maana kila wiki unatuandika tunashangilia."

Mzee Kipriani hakufukuzwa. Bwana Abbasi alirudi Kigoma, akatoa matoleo ya zamani kabatini, akayapitia upya. Shangwe za Muhange, shangwe za Kakonko, ile shangwe kubwa ya uchaguzi: nyingi zilikuwa watu wakiulizana habari za mbuzi. Nyingine zilikuwa shangwe kweli, hatukatai, hasa pale sufuria lilipokuwa likifunuliwa. Jumamosi iliyofuata tuliomba radhi ukurasa wa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla na, Mungu akipenda, halitazoeleka. Picha ilikuwa ileile. Maelezo yalikuwa mapya: "Wananchi wa Nyakitonto wakimsalimia Dorcas Ndayikeza, Mchimba Mtaro." Bwana Abbasi alieleza kwamba kanuni ya nyumba haijavunjwa. Mama huyo sasa ana cheo.

Mabomba yalitolewa kwa wachimbaji. Bomba kuu liko njia panda, na linamwaga maji hadi leo, asubuhi kwa nguvu, mchana kwa aibu. Nyumba ya wageni ya Katibu nayo imefunguliwa na ina maji safi, yanayochotwa njia panda kwa ndoo, kwa foleni. Wapangaji wanayasifu sana.

Matokeo mengine hatukuyatarajia. Mara neno liliposambaa kwamba Tarumbeta linatoa vyeo, watu walikuja ofisini kila siku ya soko. Tumewahi kuchapa Mponda Kokoto, Mbeba Mawe wa Zamu ya Pili, na mzee mmoja wa Heru Juu aliyeomba aandikwe Mshauri wa Waliochoka. Mzee Kipriani aliwaandika wote, jina la mtu na la baba yake. Tusidanganyane: Landrova ya chama bado ina kiti kitupu cha nyuma, na pilau bado inanukia vizuri. Mwaka kesho ni wa uchaguzi, tutaona nani ana jina. Lakini siku hizi mwandishi wetu akirudi na habari ya Katibu peke yake, Bwana Abbasi huuliza swali ambalo zamani halikuulizwa: "Na waliokuwa wanapiga makofi, walikuwa wanamsalimia nani?"

Mzee Kipriani anarudi Heru Juu kwa mkewe, Mama Epifania, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akilisoma gazeti ili ajue mumewe yuko wapi. Anasema atalima maharage na hataandika chochote. Mama Epifania anasema tusubiri.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tarumbeta tunamshukuru kwa milima aliyoipanda kwa baiskeli, kwa chai alizotununulia, na kwa kutufundisha kutazama tena picha tuliyodhani tumeshaiona. Tunamuombea afya ya magoti, mvua za wakati, maharage yasiyoliwa na wadudu, na uzee wa kusalimiwa na kila anayepita. Nenda kwa amani, Mzee wetu. Pampu nenda nayo.

Picha iliyo nyuma ya ratiba hii ilipigwa wiki iliyopita bombani Nyakitonto. Tulimwomba Mzee Kipriani asimame katikati, akakataa. Akasema hamwamini mtu mwingine na kamera ya ofisi hadi tarehe 30. Maelezo yake tumeyaandika wenyewe, na Mhariri hakubadilisha neno:

"Wakipiga makofi, kutoka kushoto: Dorcas Ndayikeza, Mchimba Mtaro; Epifania Hatungimana, Msoma Gazeti; Claudine, Mjua Salamu; na baadhi ya viongozi. Anayesalimiwa ni Mzee Kipriani Hatungimana (hayupo pichani)."